Vitabu Vilivyovalishwa Kitambaa cha Kochi

Mtaa mzima ulimwita Mahameli, kwa sababu katika ujana wake hapakuwa na fundi wa makochi aliyeweza kuvuta kitambaa cha mahameli juu ya sponji na kukibana bila kuacha kunyanzi. Sasa magoti yalikuwa yamemgomea, na karakana alikuwa amemwachia kitindamimba wake. Lakini jina lilibaki, na chumba chake cha nyuma ya karakana kilibaki, na humo ndani vilibaki vitabu vyake.

Vilikuwa vitabu vya ajabu kuvitazama. Mgongoni havikuwa na majina. Kila kimoja kilivalishwa kitambaa cha kochi kilichoshonwa kwa sindano iliyopinda na uzi mnene wa kazi, kikakunjwa mbele kama pochi na kufungwa kwa kamba. Kimoja kilivaa mahameli ya kijani. Kingine kilivaa mistari ya kahawia, na kingine maua makubwa mekundu ambayo wateja waliyakataa msimu mmoja na hawakuyataka tena. Mahameli hakuhitaji majina. Alipapasa tu. Cha kijani ni yule muuguzi na rubani. Cha mistari ni mjane na mpima ardhi. Cha maua mekundu ni dada wawili waliogombea mwanamume mmoja, na mwanamume mwenyewe hana maana yoyote.

Vyote vilikuwa vitabu vya mapenzi. Hakuwa na aina nyingine, na hakutaka.

Desturi ya kuvivalisha ilianzia kiwandani. Mchana alikuwa akigonga misumari katika kiwanda cha samani, na usiku akienda shule ya watu wazima, ambako alijifunza kusoma akiwa tayari ana ndevu. Mtu anayejifunza kusoma na ndevu zake hasomi kama mtoto anayetumwa na mwalimu. Anasoma kama mtu aliyekuta wenzake wako mezani tangu asubuhi. Msimamizi wa kiwanda hakutaka kuona kitabu kazini, kwa hiyo Mahameli alikuwa anakipasua kitabu kwa kisu chake cha kazi, akifuata mishono, mpaka kinakuwa vipande vyembamba vyembamba, na kila siku anaingia na kipande kimoja mfukoni mwa aproni. Msimamizi akitokea, kipande kinateleza ndani ya kochi, nyuma ya gunia la mgongoni. Akiondoka, kinatoka. Hadithi ikiisha, vipande vilishonwa upya na kuvalishwa mabaki ya kitambaa ili visije vikatawanyika.

Siku moja msimamizi alikuja na hakuondoka. Alisimama pale pale akisubiri kochi limalizwe, maana mwenye mali alikuwa amefika. Mahameli alishona mgongo wa kochi lile akijua kilichomo, na wapagazi wakalibeba wakalipakia garini likiwa na kipande cha mwisho cha hadithi tumboni mwake. Yeye alibaki na mikono imejaa gundi na mdomo umefungwa. Katika hadithi ile mwanamume alikuwa amerudi baada ya kupotea miaka mingi. Amefika mlangoni. Amebisha hodi. Nani alimfungulia, na kwa uso gani, Mahameli hajui mpaka leo. Alikitafuta kitabu kingine kama kile kwa kila muuza vitabu wa kando ya barabara, asikipate.

Tangu siku hiyo alianza kila kitabu kwa ukurasa wa mwisho. Waliojua walimcheka, wakamwambia anakula pilipili kabla ya wali. Yeye alisema mtu akishanyang'anywa mwisho mara moja hakubali kunyang'anywa tena. Zaidi ya hapo, ulikuwa ukaguzi. Kama wapenzi hawakupatana ukurasa wa mwisho, kitabu kilirudi kwa muuzaji, maana huzuni alikuwa nayo ya kutosha bila kutoa nauli kuifuata. Alisoma kwa sauti ndogo, ameketi wima kama anapigwa picha. Mstari uliomgusa aliuwekea alama kwa chaki ya fundi. Chaki hufutika, na alijua. Ikishafutika ilimbidi asome kitabu chote upya kuutafuta mstari wake, na hilo ndilo alilokuwa analitaka.

Matatizo yalianza alipokwenda hospitali kutolewa mtoto wa jicho. Baada ya upasuaji alikaa kwa binti yake mkubwa mpaka bandeji itolewe, na huku nyuma kitindamimba akaona ni nafasi nzuri ya kupaka rangi chumba cha mzee. Mke wa kitindamimba, ambaye alikuwa ameolewa juzijuzi na alishachukua usimamizi wa mapokezi ya karakana, ndiye aliyehamisha vitu. Alivikuta vile vifurushi vya vitambaa vimepangwa vizuri rafuni, kila kimoja na rangi yake, vimefungwa kamba. Katika karakana ya makochi kuna kitu kimoja tu kinachofanana na hicho: sampuli za vitambaa, zile ambazo mteja hupewa azipapase kabla ya kuchagua. Mkamwana alifurahi. Alidhani baba mkwe amehifadhi vitambaa vya zamani ambavyo siku hizi havipatikani. Akavifuta vumbi, akavipanga juu ya meza ya wateja, karibu na birika la chai.

Mama wa Dawa, mwenye duka la dawa la kona, alikuja kuchagua kitambaa cha kochi lake kuukuu alilokwisha kulileta. Akapenda mistari ya kahawia. Akafungua kamba aone upande wa ndani wa kitambaa, akakuta mpima ardhi amemshika mjane kiuno mbele ya ramani zake zote. Alisoma kimyakimya kwanza. Halafu, kwa kuwa kulikuwa na watu wanasubiri na yeye si mtu wa kula peke yake, akasoma kwa sauti.

Kabla ya jua kutua kinyozi alikuwa na habari, na kinyozi akiwa na habari hakuna haja ya redio. Mzee Mahameli, yule anayetembea kifua mbele, anayesahihisha watu wanapokosea kunukuu gazeti, kumbe rafuni ana mahaba matupu. Wakampa jina jipya: Bwana Harusi.

Aliporudi nyumbani akiwa na jicho jipya, alikwenda moja kwa moja kwenye rafu. Mkono ulipapasa ubao mtupu unaonuka rangi. Mkamwana alisimama mlangoni akieleza, na maneno yalikuwa yanamtoka vipande vipande. Mahameli alimsikiliza mpaka mwisho.

"Umeviona ni vitambaa vizuri?" akauliza.

"Vizuri sana, baba."

"Basi macho yako hayana kosa. Niletee, mwanangu, ila usivipange wewe. Nitavipanga mwenyewe."

Alipovihesabu kwa vidole, mistari ya kahawia haikuwepo. Mama wa Dawa alikuwa ameondoka nayo, akisema atairudisha akishajua kama yule mjane alikubali.

Binti mkubwa alikuja Jumamosi. Alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya pale juu mlimani, na hata baba yake alimwita Mwalimu Mkuu, nusu kwa mzaha na nusu kwa fahari. Shuleni kwake walikuwa wamejenga chumba cha kusomea, na siku ya ufunguzi ilikuwa imepangwa. Mzungumzaji alikuwa Mahameli. Angesimama mbele ya wazazi na bodi ya shule aseme juu ya vitabu vilivyomjenga, yeye mtoto wa shamba aliyejifunza kusoma ukubwani na kusomesha watoto kwa nyundo na misumari. Binti alikuwa ameisimulia habari hiyo darasani mara nyingi: baba yake akificha vitabu ndani ya makochi ili asome. Kila alipoisimulia, akilini mwake vilikuwa vitabu vya historia, vya sayansi, vya maisha ya watu wakuu.

Safari hii hakukaa. Alibaki amesimama kati ya kitanda na dirisha, mkoba begani.

Aliongea kwa heshima, lakini aliongea. Mjumbe mmoja wa bodi alikuwa amempigia simu akicheka. Mwingine hakucheka, na huyo ndiye aliyemtisha. Kulikuwa na wazazi waliouliza kama mambo hayo ndiyo watakayofundishwa watoto wao. Alikuwa na jibu tayari, alilifikiria njia nzima, na halimdhuru mtu yeyote. Baba atasimama siku ile kama ilivyopangwa, ataje vitabu viwili vitatu vya maana, na mtu akiuliza kuhusu hivi vya vitambaa, jibu ni fupi.

"Sema vilikuwa vya marehemu mama," akasema. "Sema umevihifadhi kwa ajili yake. Watu watakuonea huruma, yataisha."

Mahameli alikuwa anafunga kamba ya kitabu cha kijani. Akaifunga mpaka mwisho, fundo na fundo la pili.

"Mama yako," akasema, "vitabu hivi alikuwa anavicheka mpaka anashika mbavu. Nilikuwa nikimsomea, ananiuliza: hawa watu wako hawaoshi sufuria? Hawaumwi meno? Yeye alikuwa anasoma gazeti, tena kurasa za mpira, na timu yake ikifungwa hakuna chai siku hiyo. Unamkumbuka au humkumbuki?"

"Namkumbuka, baba."

"Basi unataka nimvalishe nguo isiyo yake, naye hayupo wa kuivua."

Binti alikaa sasa, pembeni ya kitanda. Akasema hakuna anayemdharau. Akasema ni suala la umri tu, na la mahali. Kila mtu na starehe zake chumbani, lakini mzee wa heshima hasimami mbele ya watoto na mambo ya kushikana viuno. Kwa nini alivificha miaka yote hiyo kama haoni aibu?

"Sikuvificha, nilivifunika. Hata kochi hufunikwa, na hakuna anayesema limefichwa. Nyinyi mmekulia humu ndani. Siku moja tu mngefungua kamba. Mngeniuliza ningewasomea."

"Ulituacha tudhani."

"Mlidhani wenyewe, na mkafurahia kudhani." Akapumua kidogo, akaendelea kwa sauti ya chini zaidi. "Mimi nimefundishwa kusoma na watu wa serikali waliotaka nijue bei ya mbolea na kuchemsha maji. Nikajua. Nashukuru. Baada ya hapo sauti yangu ilikuwa yangu, na macho yalikuwa yangu. Kiwandani nilikuwa nafanya alichotaka msimamizi, nyumbani nafanya mlichohitaji nyinyi. Mahali pekee ambapo hakuna aliyenichagulia ni hapa." Akakipiga kofi kitabu cha kijani. "Sasa nimezeeka, ndiyo unakuja kunichagulia?"

Mwalimu Mkuu alisema basi hatakuwa na njia. Bodi haitamkubali azungumze. Atalazimika kumtafuta mtu mwingine.

"Mtafute," akasema Mahameli. "Mwambie avae tai."

Alipoondoka, mzee alikaa palepale. Jambo lile alikuwa analitaka, na lilimuuma. Suti ilikuwa imeshapigwa pasi. Hotuba alikuwa ameifanyia mazoezi mbele ya kioo, na ndani yake mlikuwa na mahali alipotaka kusema kwamba mtoto wake, kwa mikono yake, amejenga chumba ambacho baba yake alikikosa. Sasa mahali hapo pangebaki kinywani mwake. Alivua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na kitu.

Siku ya ufunguzi alivaa ile suti. Kitindamimba alimuuliza anakwenda wapi, akajibu barazani. Akatoa benchi la kazi nje, mbele ya karakana, kwenye barabara hiyohiyo ambayo kila mtu aendaye shuleni lazima aipite. Akatoa vitabu vyote. Akatoa kiwembe cha kufumulia. Akachukua cha maua mekundu, akakata uzi wa kwanza.

Fundi akifumua kazi yake mwenyewe huwa hana haraka. Kila mshono aliujua, ulikuwa wa mkono wake wa ujanani. Kitambaa kilivuliwa polepole kama soksi ya mtoto aliyelala, na chini yake jalada la karatasi likatokea, limepauka lakini halikufa kama alivyodhani: wanawake wawili wamepeana mgongo, na mwanamume mwenye masharubu katikati anatazama angani kana kwamba mvua ndiyo inayomhusu. Mahameli alikisimamisha kitabu juu ya benchi, uso wake barabarani. Akachukua cha pili.

Wa kwanza kupita alikuwa Karani, mstaafu wa ofisi ya ardhi, rafiki yake wa kubishana naye kila siku. Alikuwa amepaka mafuta viatu na ameshika kadi ya mwaliko kama pasipoti.

"Bwana Harusi," akasema, "mbona umevaa suti na uko kwenye benchi? Bibi harusi amekukimbia?"

"Amekwenda kutafuta kadi ya mwaliko kama yako. Pita, utachelewa hotuba."

Karani hakupita. Alikuwa anatazama majalada yaliyosimama. Akasema, kwa uso wa mtu anayekagua nyaraka, kwamba mambo haya ni ya vijana, tena vijana wasio na kazi. Mahameli hakubishana. Alifungua cha kijani ukurasa wa mwisho kama kawaida yake, kisha akarudi mwanzo, akaanza kusoma. Lakini safari hii hakusoma kwa sauti ndogo. Alisoma kwa sauti ile aliyoiandaa kwa ajili ya hotuba, ile ya kufika mpaka viti vya nyuma. Muuguzi alikuwa peke yake zamuni, na rubani ameletwa amevunjika mguu, tena ana jeuri.

Watu walipita na nguo zao nzuri. Wengine walicheka, na wengine waliharakisha watoto. Mama mmoja alimziba mtoto masikio na yeye mwenyewe akapunguza mwendo. Kijembe kikirushwa, Mahameli alinyanyua kichwa, akakitazama kikipita, akarudi kwenye mstari wake. Mkamwana alitoka na kiti kwa ajili ya Karani bila kuulizwa, na chai ya watu wawili.

Kutoka mlimani vipaza sauti vilianza kukoroma: wimbo wa wanafunzi, makofi, halafu sauti ya mwanamume anayesoma karatasi. Mahameli aliacha kusoma aisikilize. Haikueleweka anasema nini. Ilikuwa sauti nzuri.

"Enhe," akasema Karani, ambaye kadi yake sasa ilikuwa chini ya kikombe. "Huyo rubani. Mguu ulipona?"

"Si umesema ni mambo ya vijana?"

"Nauliza habari za mguu."

Mama wa Dawa alipita akirudi kutoka kwenye sherehe, akairudisha mistari ya kahawia, akasema mjane alifanya vizuri kukubali lakini alikawia. Halafu akaulizia kochi lake, ambalo kitindamimba alikuwa bado hajaligusa. Mahameli akamwambia ataliona wiki ijayo. Mzee mwenyewe atalifungua leo.

Mwalimu Mkuu alikuja jua likiwa limelala. Alikuwa bado na nguo za sherehe, na ua la karatasi kifuani. Alisimama mbele ya benchi akatazama majalada yaliyojipanga, wanawake na masharubu na machweo, yote wazi barabarani ambako wazazi wa shule nzima walikuwa wamepita.

"Wameona wote," akasema.

"Ndiyo. Sherehe ilikwendaje?"

"Vizuri. Ilikwenda vizuri, baba."

"Nafurahi," akasema, na alikuwa anafurahi. "Chumba kina madirisha ya kutosha?"

"Kinayo. Upande wa mashariki wote."

Halafu binti akasema bado ana hasira, baba asidhani imekwisha. Mahameli akamwambia akae nayo, haina haraka, ila kama mikono yake haina kazi amshikie tochi. Kitindamimba alishalilaza kochi la Mama wa Dawa kifudifudi sakafuni. Lilikuwa kochi la zamani, la wakati wa misumari, na miguu yake ilichongwa kwa namna ambayo mzee aliitambua. Kiwanda chake cha zamani kilikuwa kinachonga hivyo.

Binti alisita, halafu akashika tochi. Kabla ya hapo alikuwa ameokota kitabu kimoja kutoka benchini, kilichovuliwa mwisho, chembamba kuliko vingine. Alikigeuza, akafungua nyuma.

"Hiki hakina mwisho."

"Hakina."

"Mwisho umekwenda wapi?" Alikuwa ameisimulia habari ile kwa madarasa mangapi, vitabu ndani ya makochi, na hakuwahi kujua kwamba kipande kimoja hakikutoka. Baba yake alimweleza akiwa amepiga goti lake bovu juu ya kipande cha sponji, aking'oa msumari mmoja mmoja kuzunguka gunia la mgongo. Alimweleza juu ya wapagazi, na gundi mikononi, na mwanamume aliye mlangoni. Alimweleza kwamba tangu alipofungua karakana yake mwenyewe, kila kochi kuukuu linaloingia lazima alitazame tumboni yeye kwanza. Kitindamimba alikuwa akimwona, akadhani mzee anatafuta panya.

Gunia lilifunguka. Vumbi likapanda kwenye mwanga. Mahameli aliingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, akapapasa kushoto, akapapasa kulia. Akatoa kitana cha mtoto. Akatoa kifungo, ganda la karanga, na tiketi ya sinema iliyokuwa nyeupe kwa uzee. Akavipanga sakafuni kimoja kimoja.

"Hakuna?" akauliza binti.

"Hakuna."

"Hukufika kona ya huku."

"Mkono hauingii."

Mwalimu Mkuu aliweka tochi chini. Akavuta mkono wa gauni lake la sherehe juu ya kiwiko, akalala ubavu kwenye vumbi, akaingiza mkono wake mwembamba ndani ya kochi mpaka begani, uso umebanwa kwenye mbao.

"Alibisha hodi mara ngapi?" akauliza kutoka huko.

"Mara moja tu," akasema Mahameli, akimmulikia. "Sogea kulia kidogo."